Kisima cha Mbingu

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wasomi wetu kwamba nyumba ya jadi ni alama ya umaskini, na kwamba nyumba bora sharti iwe ya saruji na vioo. Wachina, ambao leo wanasifika kwa majumba marefu, wana ushahidi wa kuipinga dhana hiyo.

Mimi ni mwanaisimu, si msanifu wa majengo. Basi na nianze na neno. Katika jimbo la Anhui, behewa jembamba lililo katikati ya nyumba huitwa tianjing: tian ni mbingu, jing ni kisima. Jina hilo ni somo zima la fizikia. Mapaa yanayolizunguka huinamia ndani na kuiteremsha mvua humo. Kuta ndefu hulitia kivuli. Hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na vyumba vikapoa. Nyumba za namna hiyo katika vijiji vya Xidi na Hongcun ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Kaskazini kwenye baridi kali, jibu ni jingine. Nyumba za Beijing ziitwazo siheyuan huelekeza jengo kuu kusini. Jua la majira ya baridi, ambalo hupita chini angani, huingia ndani. La majira ya joto, lililo juu, huzuiwa na upenu wa paa. Vijijini, moshi wa jiko hupitishwa chini ya kitanda cha matofali, kang, moto mmoja ukapika chakula na kuwapasha walalao.

Hata hivyo, tusiisujudie jadi. Katika nyanda za juu za Shaanxi, watu huchimba makao, yaodong, ndani ya udongo wa manjano. Udongo huo huwapa ubaridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi. Lakini tetemeko la mwaka 1556 liliyaporomosha mengi, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 830,000 waliangamia katika janga hilo.

Kwa hivyo, walimu na wanafunzi, umbo la nyumba ya Mchina tumwachie Mchina na hali yake ya hewa. Yatufaayo ni maswali yake: jua hupita wapi kila msimu, upepo huvuma kutoka upande gani, maji ya mvua huenda wapi, na ardhi ikitikisika itakuwaje? Ajengaye kabla ya kuyajibu atalipia kiyoyozi kila mwezi kwa kazi ambayo upepo ungemfanyia bure.