Programu Ikiondolewa, Mtandao Ukagoma

Mjini Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, duka la steshenari ndipo mhitimu wa kidato cha sita asiye na kompyuta nyumbani huenda kujaza maombi yake ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na ndipo mzee huenda kupigiwa chapa barua ya shamba lake. Kwa hiyo kompyuta ya duka hilo ikigoma, si mwenye duka peke yake apataye hasara. Na mara nyingine mgomo huo hauletwi na kitu kilichoongezwa, bali na kilichoondolewa: muda wa majaribio wa kinga ya virusi umekwisha, mwenye duka ameiondoa, na asubuhi yake kurasa za mtandao hazifunguki, ilhali bando lipo na taa za modemu zinawaka kama desturi.

Sababu yake ni kwamba programu haikai mahali pamoja. Faili zake nyingi huwekwa katika folda moja, lakini maagizo yake huandikwa katika rejista, daftari kuu ambalo Windows imelitegemea tangu toleo la mwaka 1995. Huduma zake hujiandikisha ziamke pamoja na kompyuta, na baadhi ya faili huzitumia kwa shirika na programu nyingine. Fauka ya hayo, baadhi ya programu za kuchuja mtandao, zikiwemo kinga za virusi na VPN, hukiagiza kivinjari kisitoke nje moja kwa moja, bali kipitie kwanza anwani 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yenyewe, ambapo programu hukaa ikisubiri kukagua kila kipitacho. Programu ikiondolewa vibaya, agizo lile husalia. Nacho kivinjari huendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, na kwa kuwa hakuna aitikiaye, humjulisha mtumiaji kuwa seva ya proksi, yaani kipitio hicho, haijibu.

Maneno hayo ndiyo dalili ya kushika. Fungua mipangilio ya mtandao, zima proksi, na aghalabu kurasa hufunguka papo hapo. Ikiwa proksi ilikwisha kuzimwa, huenda kilichokatika ni mnyororo wa Winsock, sehemu ya Windows inayoziunganisha programu na mtandao, ambamo programu za namna hii huingiza pingili zao. Hapo fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh winsock reset, kisha washa kompyuta upya. Zikiharibika faili za mfumo wenyewe, amri sfc /scannow huzikagua na kuzirudisha zilizo sahihi. Tena watengenezaji wengi wa kinga za virusi hutoa bure chombo maalumu cha kufagia mabaki ya programu yao, nacho ni bora mno kuliko kufuta folda kwa mkono, maana folda ikifutwa, kiondoaji chake hufutika nayo, na rejista hubaki na maagizo yasiyo na mwenyewe.

Nasikitishwa na desturi ya baadhi ya mafundi wetu ya kupiga Windows upya kwa kila hitilafu, bila hata kuuliza kilichotangulia. Kwa tabia hiyo barua za wateja zisizohifadhiwa kwingine hupotea, draiva ya printa husakwa upya, gigabaiti za bando huteketea katika masasisho, na foleni ya waombaji hurudi nyumbani mikono mitupu, kwa ajili ya agizo moja ambalo lingezimwa kwa dakika chache.

Nawasihi basi wenye maduka: kabla ya kuondoa programu yoyote, tengenezeni nukta ya kurejesha mfumo. Uwezo huo umo katika Windows tangu toleo la Me la mwaka 2000, ila katika kompyuta nyingi umezimwa, uwasheni leo. Na fundi akija, jambo la kwanza la kumwambia liwe ni programu ipi iliyoondolewa, na lini.