Mama akila dagaa, mtoto hunyonya nini?

Maziwa ya mama yakikamuliwa na kuachwa kwenye kikombe kwa saa chache, hujitenga. Juu hutanda utando mzito wa mafuta, chini hubaki majimaji meupe. Mafuta hayo, ambayo kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5 ya maziwa, humpa mtoto karibu nusu ya nishati anayoipata kwa kunyonya.

Kiasi chake hubadilika hata katika mnyonyo mmoja: maziwa yanayotangulia ni mepesi, ya mwishoni ni mazito. Ndiyo sababu mama hushauriwa amwache mtoto amalize titi moja kabla ya kumpa la pili.

Chakula cha mama hakibadilishi sana wingi wa mafuta. Kinachobadilika ni aina ya asidi za mafuta. Baadhi hutoka kwenye mlo wa siku mbili tatu zilizopita, nyingi hutoka kwenye akiba ya mwili, na nyingine hutengenezwa na titi lenyewe. Mama anayekula zaidi ugali au muhogo, wenye wanga mwingi, titi lake huzalisha kwa wingi asidi ya lauriki. Anayepikia mafuta ya alizeti, asidi za omega-6 hupanda katika maziwa yake.

Inayofuatiliwa zaidi na watafiti ni DHA, asidi ya jamii ya omega-3 inayojenga ubongo na macho ya mtoto. Mwili huitengeneza kwa kiasi kidogo, hivyo samaki ndio chanzo kikuu. Wastani wa DHA duniani ni takribani asilimia 0.32 ya asidi zote za mafuta katika maziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulipima maziwa ya kina mama wanaokula samaki wa Ziwa Kitangiri, katikati ya Tanzania, ukakuta asilimia 0.73, zaidi ya mara mbili.

Ili kupata DHA, anayenyonyesha hahitaji samaki wa bei kubwa. Dagaa mara mbili tatu kwa wiki wanatosha, tena ni salama kuliko papa na nduwaro, ambao hukusanya zebaki. Asiyepata samaki naye aendelee kunyonyesha: hata mama mwenye lishe duni kwa kawaida hutoa maziwa yanayomfaa mwanawe.