Maleba yenye umeme: usalama wa mvaaji hutangulia

MALEBA si mapambo tu. Jinsi njuga zinavyoipa ngoma sauti kutoka miguuni mwa mchezaji, ndivyo vazi la jukwaani linavyoweza kuieleza hadhira jambo ambalo maneno hayajalitamka. Siku hizi wabunifu wa maleba hushona waya, taa ndogo na betri ndani ya kitambaa. Hata hivyo, swali la kwanza wanalopaswa kujiuliza ni hili: Je, mvaaji yu salama?

Swali hilo lina historia chungu. Mnamo Novemba 1862 mjini Paris, sketi ya mcheza baleti Emma Livry ilishika moto wa taa ya gesi wakati wa mazoezi. Alikuwa amekataa kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia moto, kwa kuwa dawa hiyo ilikikakamaza na kukiharibia uzuri. Alifariki Julai 1863, akiwa na umri wa miaka 20.

Umeme ulileta afueni. Ukumbi wa Savoy, London, ulianza kuangazwa kwa umeme mwaka 1881. Mwaka uliofuata, katika opera ya Iolanthe, baadhi ya waigizaji walivaa taa ndogo vichwani, zikiwashwa na betri zilizofichwa mavazini.

Lakini umeme nao una hatari zake. Mnamo 1956, msanii Atsuko Tanaka wa Japani alivaa vazi zito la balbu za rangi lililounganishwa na umeme wa jengo. Watazamaji waliduwaa, ilhali yeye ndiye aliyebeba uzito, joto na hatari ya kupigwa na umeme.

Taa za LED zimepunguza tatizo hilo kwani hutumia volti chache na hazitoi joto jingi. Hatari iliyosalia ni betri. Betri ya lithiamu ikitobolewa, au nyaya zake zikigusana, yaweza kuwaka moto. Ndiyo maana mbunifu makini huiweka mahali ambapo mchezaji hawezi kuiangukia, katika mfuko unaofunguka upesi, na huongeza fyuzi. Waya huachwa na ulegevu kwenye viwiko na magoti ili usikatike, na hukingwa dhidi ya jasho.

Hadhira nayo sasa yaweza kuvishwa teknolojia. Kampuni ya CuteCircuit ya London ilibuni shati linalowawezesha viziwi kuuhisi muziki. Vipaza sauti hunasa sauti za ala, kompyuta huzigeuza kuwa ishara, na mota ndogo zilizo katika kitambaa hutetemesha sehemu mbalimbali za mwili.

Hapo ndipo thamani ya teknolojia hii inapoonekana: vazi linapomfikishia mtazamaji kitu ambacho angekikosa, bila kumhatarisha anayelivaa. Taa zisizo na maana katika mchezo hugeuka kuwa mzigo mwilini mwa mwigizaji, nayo hadhira huzichoka kabla pazia halijafungwa.