AC Haitoi Baridi? Acha Kununua Gesi

"Fundi, AC ya gari langu haitoi baridi. Kujaza gesi ni shilingi ngapi?"

Swali hili huja kila joto linapopanda, na huja likiwa limeshajijibu. Mwulizaji ameamua kwamba gesi imeisha; anachotaka ni bei tu. Muulize nani ameupima mfumo, hakuna. Muulize mara ya mwisho alijaza lini, atakwambia Desemba iliyopita. Na kabla ya hapo? Desemba ya mwaka juzi. Mtu anayejaza gesi kila mwaka ana tundu lisilotafutwa au kifaa kilichoharibika, na kila mwaka anamlipa mtu ili ubovu wenyewe usiguswe.

Gesi ya AC hailiwi. Injini haiichomi, kompresa haiimalizi, wala haichakai ikapoteza makali. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na gramu zilizoingia kiwandani ndizo zinazotakiwa kuwemo miaka kadhaa baadaye, ukiondoa kiasi kidogo sana kinachopenya kwenye mipira na sili. Ikipungua mpaka ukasikia joto, imevuja. Na kama haijapungua, kuna kinachoizuia kufanya kazi yake. Hayo ndiyo mawili ya kuchunguza, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa mtungi.

"Lakini alinipimia kwa geji mbele ya macho yangu!" Alipima nini? Mara nyingi geji hufungwa injini ikiwa imezimwa, mshale unasimama mahali fulani, fundi anatikisa kichwa na kusema gesi imeshuka. Gari nyingi zilizopo barabarani kwetu hutumia gesi ya R134a. Maadamu ndani ya mfumo bado kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika, presha yake hufuata joto, haifuati wingi. Kukiwa na nyuzijoto 30, geji ya gari lililozimwa itasoma karibu psi 97, liwe na gramu 500 au gramu 250. Kwa hiyo kipimo kile hakiwezi kukwambia kama gesi inatosha. Kinaweza kukwambia kwamba imo au haimo, basi.

Injini ikiwashwa ndipo mtego mkubwa unapotegwa. Fundi anaona upande wa presha ndogo umeshuka, anahitimisha kuwa gesi ni kidogo, anaongeza. Hajatazama upande wa pili. Presha ndogo hushuka gesi ikipungua, kweli, lakini hushuka pia pale valvu ya ekspansheni inapoziba au kukwama ikiwa imefunga. Mafundi huiita "ekspansheni" tu. Ni kipande kidogo cha aluminiamu kinachotosha kiganjani, na ndicho lango la kuingilia kwenye evapareta, ile koili iliyo nyuma ya dashibodi. Kichwani ina kiwambo chembamba kinachohisi joto la gesi inayotoka kwenye koili: gesi ikitoka na joto jingi, kiwambo kinasukuma pini na njia inapanuka, ikitoka baridi, springi inarudisha na njia inabana. Kazi hiyo hufanyika kila dakika bila wewe kujua.

Sasa fikiria lango hilo limefunga. Gesi imejikusanya kwenye kondensa, upande wa presha kubwa, koili imekauka, na upande wa presha ndogo uko karibu na sifuri. Ukiongeza gramu 200 hapo umeziongeza upande usiofaa. Mshale mdogo unapanda kidogo na mteja anapeana mkono na fundi. Kesho yake kwenye foleni presha kubwa inapanda mpaka swichi ya usalama inaikata kompresa. Mteja anarudi kwenye swali lilelile: "Kujaza gesi ni shilingi ngapi?"

Valvu huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni hiyo: kichwa kimepoteza gesi yake ya ndani, au uchafu umeziba njia, na valvu inabaki imefunga. Ya pili ni kukwama wazi. Kimiminika kinafurika kwenye koili, hakichemki chote, na kingine kinarudi mpaka kompresa. Kimiminika hakishindiliki, kompresa ikilazimishwa, inavunjika. Ya tatu si kosa la valvu yenyewe: ni maji ndani ya mfumo. Unyevu unaganda kwenye tundu lake jembamba, baridi inakatika baada ya muda mfupi wa safari, unazima AC, barafu inayeyuka, ukiwasha tena baridi inarudi. Mwenye gari anasema "inachoka". Haichoki. Mara ya mwisho ilipofunguliwa, hewa haikuvutwa vizuri au draya, kile chombo kinachonyonya unyevu, haikubadilishwa.

Kuna dawa za mitaani ambazo siwezi kuzipita kimya. Ya hatari kuliko zote ni gesi ya kupikia. Wanaoitetea husema inatoa baridi, na ni kweli inatoa. Gesi za jamaa hiyo hutumika hata kwenye friji za nyumbani. Lakini friji hizo zimeundwa kwa ajili yake na hubeba kiasi kidogo tu. Koili ya gari iko ndani pamoja na abiria, na ikivuja inavujia humo, penye nyaya, swichi na kiberiti cha sigara. Isitoshe, valvu yako imepangwa kwa R134a. Ukichanganya gesi mbili, kiwambo kinahisi joto la mchanganyiko kisiouelewa, na hakuna geji ya kawaida itakayosema ukweli tena.

Ya pili ni dawa ya kuziba matundu. Aina nyingi huganda zikikutana na hewa au unyevu. Sasa jiulize ni wapi penye njia nyembamba kuliko zote katika mfumo mzima. Ndiyo, ni kwenye valvu. Ya tatu ni kuifungua valvu kuukuu, kuiosha kwa petroli na kuipuliza. Unaweza kutoa uchafu uliokuwa unaonekana, lakini kichwa kilichokufa hakifufuki kwa petroli, na chanzo cha uchafu ule bado kimo kwenye kompresa au draya. Ya nne ni kutafuta uvujaji kwa kujaza upepo wa kujazia matairi. Upepo huo una maji, na R134a ikichanganyika na hewa kwa presha kubwa inaweza kuwaka. Kinachotumika ni naitrojeni kavu.

Tena, gesi inayovuja kila mwaka haiendi mahali pasipojulikana. Kilo 1 ya R134a hupasha joto dunia sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Nusu kilo iliyoachiwa angani ni sawa na kuchoma lita 300 hivi za petroli. Ndiyo maana Oktoba 2016, hapahapa jirani mjini Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za kundi hili, na makubaliano hayo yakaanza kutumika 1 Januari 2019. Fundi anayefungua nati na kuiacha ipige mluzi hewani anatia hasara ambayo haimo kwenye risiti.

Basi ufanye nini? Anza na visivyo na gharama. Angalia kichujio cha hewa ya ndani. Kikijaa vumbi, hakuna AC itakayokupa upepo. Angalia kama feni ya kondensa inazunguka AC ikiwashwa. Kisha taka vipimo vya pande zote mbili, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hivi na feni ya ndani ikiwa juu kabisa. Kwa joto la nyuzi 32, tarajia upande mdogo psi 30 hadi 45 na mkubwa 200 hadi 250. Zote zikiwa chini, gesi imevuja: tafuta tundu kwanza. Mdogo karibu na sifuri na valvu ina barafu: valvu imeziba, ila barafu ikiwa kwenye draya, iliyoziba ni draya. Mdogo uko juu na bomba linalorudi kompresa ni baridi sana na linatoka jasho: valvu imekwama wazi. Mdogo uko juu, mkubwa uko chini, na bomba halina baridi: kompresa imechoka. Zote ziko juu: feni haifanyi kazi, kondensa ni chafu, au umeshajaziwa gesi kupita kiasi.

Ikithibitika ni valvu, gesi inyonywe kwa mashine, isiachiwe. Nunua valvu mpya yenye namba inayolingana na gari lako, si ya mtumba. Badilisha oringi zote, zipakwe oili ileile ya mfumo. Weka draya mpya. Bolti zikazwe kwa kiasi, nyuzi za aluminiamu hukatika upesi. Uliza mapema valvu yako ilipo: ikiwa ukutani upande wa injini, kazi ni fupi; ikiwa nyuma ya dashibodi, jiandae kuacha gari. Hewa ivutwe kwa pampu ya vakyumu dakika 30 hadi 45. Dar es Salaam na Mombasa geji ikaribie inchi 29 za zebaki. Nairobi itaishia kama 24 kwa sababu ya mwinuko, usidhani pampu ni mbovu. Pampu izimwe, isubiriwe robo saa. Mshale ukirudi, kuna tundu. Ndipo gesi iingizwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Yakionekana machicha ya chuma ndani ya mfumo, usibadilishe valvu peke yake: kompresa, kondensa, draya na valvu viende pamoja, la sivyo valvu mpya itaziba vilevile. Kwa Toyota haibridi yenye kompresa ya umeme, oili ni ND-11. Ikitiwa ile ya kawaida, umeme mkubwa unaweza kuvuja ndani ya kompresa. Na kama fedha haitoshi kwa sasa, zima AC, fungua vioo. Gari halitaharibika kwa hilo. Litaharibika kwa kazi nusu.

Fundi asiyekuwa na pampu ya vakyumu na mizani hatengenezi AC, anauza gesi. Usimfungulie boneti.