Unarudi Ocha Kupanda Ndizi za Tishu? Soma Hii Kabla Doo Iingie Kwa Shimo

Kama una shosh Nkubu, Mitunguu ama Runyenjes, hii stori unaijua. Msee amechoka na Nairobi, ameweka doo kando, anarudi Meru ama Embu kupanda ndizi. Hapo anapatana na muuzaji wa miche anamwambia: "Chukua za tishu boss, hizi hazigonjeki."

Hiyo ya mwisho ni uongo, na ukiamini unaweza kupoteza msimu mzima. Wacha tukuchanue.

Kwa nini maabara?

Ndizi tunazokula ziko na seti tatu za kromosomu, jumla 33 kwa kila seli. Tatu haigawanyiki mara mbili sawasawa, kwa hivyo mbegu hazikomai. Ndio maana wazee wetu wamekuwa waking'oa chipukizi kwa jirani na kupanda. Shida ni kwamba chipukizi huja na mizigo: fukusi, minyoo ya mizizi na ule ukungu wa mnyauko wa Panama.

Maabara, kama ile ya JKUAT kule Juja, inakata chipukizi safi mpaka ibaki ncha ya milimita chache tu. Inaoshwa na dawa ya kuua viini, halafu inawekwa kwa chupa yenye rojo la sukari na madini. Sukari ni ya nini? Hako kamche hakana majani ya kujipikia bado, lazima kalishwe.

Seli ambazo hazijachagua kazi

Seli za hiyo ncha ni kama kijana amemaliza kidato cha nne juzi. Anaweza kuwa chochote. Seli inakula, inanenepa, inanakili DNA yake yote, halafu inajigawa. Moja inakuwa mbili, mbili nne. Raundi kumi tu, moja imekuwa 1,024.

Sasa nani ataamua hii iwe jani na ile iwe mzizi? Kila seli iko na kitabu kizima cha maagizo, lakini inasoma kurasa za kazi yake pekee. Homoni ndizo husaidia kufungua kurasa. Mwaka wa 1957, Skoog na Miller, wanasayansi huko Marekani, walionyesha hii kitu kwa tumbaku: sitokinini ikizidi, machipukizi yanatoka, oksini ikizidi, mizizi inatoka. Hata wewe ulianza na seli moja, na leo uko na ubongo, mifupa na kucha.

Mche ukitoka kwa chupa bado ni mtoto. Majani yake hayajajua kuzuia maji kutoroka, ndio maana unakaa kitaluni wiki kadhaa kwanza. Ukiuweka kwa jua siku hiyo hiyo, umeuchoma.

Kopi ni kopi

Hapa ndio muhimu. Kujigawa kunatoa nakala. Kama mama hana kinga ya Panama, watoto wake wote elfu moja hawana. Maabara imekupa mche msafi. Haijakupa mche wa chuma.

Huo ukungu unaweza kuishi kwa mchanga miaka mingi. Ndio uliomaliza mashamba makubwa ya Gros Michel kule Amerika ya Kati kabla ya miaka ya 1960 kuisha. Ukipanda Gros Michel safi kwa shamba chafu, ugonjwa unaingilia kwa mizizi. Majani ya chini yanageuka manjano, yanavunjika na kuning'inia kama sketi.

Kwa hivyo ufanye nini?

Kabla utoe hata soo moja, uliza mzee wa hapo: migomba ya hili shamba ilikufaje? Kama ilikauka hivyo, wachana na Gros Michel. Grande Naine na Williams zinahimili aina ya Panama iliyozoeleka Kenya. Lakini hata hizo ziko na adui: kuna aina nyingine, TR4, iliyoonekana Msumbiji mwaka wa 2013, inazimaliza. Kwa hivyo osha jembe la kuazima, na usibebe chipukizi ya bure kutoka popote.

Pia uliza kitalu kama kimekaguliwa na KEPHIS, na mama wa hiyo miche alipimwa virusi ama la. Muuzaji akianza kukasirika, jua jibu umeshapata.

Seli zitafanya kazi yao. Wewe chunga mchanga.