Mathenge, Msumeno wa Mkanda na Karakana ya Nyumbani Dagahaley

Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, ilifunguliwa mwaka 1992, na ni nadra kumpata huko mama asiyeujua mti wa mathenge. Mwiba wake hupenya kandambili ukafika nyayoni. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimfikisha mbuzi asiye na meno mahakamani awe ushahidi wao dhidi ya mti huo. Nasi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili, kwani mathenge ilipandwa Bamburi tangu 1973 ili kuyafunika machimbo ya kiwanda cha saruji.

Wengi huuona mti huu kuwa ni kuni na makaa basi. Sisi twauona kuwa ni mbao. Kiini chake ni chekundu cha kahawia, kigumu, na hakisinyai sana kinapokauka, kwa hiyo kilichoundwa kwacho hakilegei viungo upesi. Ila yake ni umbo: magogo ni mafupi, membamba, yamepinda. Viwanda vikubwa vya mbao haviyataki. Chombo kiyafaacho ni msumeno wa mkanda, ambao mafundi huuita bendiso, na chombo hicho chaweza kukaa katika banda la nyumbani.

Msumeno huu ni utepe wa chuma wenye meno, uliounganishwa ncha kwa ncha, unaozunguka juu ya magurudumu mawili, moja juu na moja chini ya meza. Kwa kuwa utepe ni mwembamba, mbao ipoteayo kuwa unga ni kidogo. Na kwa gogo jembamba hilo ndilo faida yote. Tena nguvu ya meno hulikandamiza gogo mezani, wala hailirushi nyuma kumpiga fundi kama ufanyavyo msumeno wa duara.

Kuutega kwataka subira, na kufanywe umeme ukiwa umechomolewa. Utepe huvishwa meno yakielekea chini, kisha hukazwa. Gurudumu la juu huzungushwa kwa mkono, polepole, huku ukiliinamisha kwa skurubu yake mpaka utepe utulie katikati ya mpira wa gurudumu. Asiyefanya hivi akawasha mota, utepe utamruka. Ndipo zifuate beringi na vishikizo: vya ubavuni viache nafasi ya unene wa karatasi, na beringi ya nyuma isiguse utepe ila pale gogo linapousukuma. Mwisho, meza ipimwe kwa guni iwe pembe mraba na utepe. Kwa kupasua mbao nene, tumia utepe mpana wenye meno machache, kama 3 kwa inchi. Meno mengi hujaa unga, utepe ukapata moto na kupinda njia.

Hatari kubwa ya mathenge ni uduara wake. Gogo la mviringo likishikwa kwa mikono mitupu, meno hulibiringisha ghafla, na mkono hufuata. Dawa yake ni kulifunga gogo kwa skurubu juu ya ubao ulionyooka, skurubu zikae mbali na njia ya utepe, kisha kusukuma ubao huo ukiegemea kiegemeo cha meza. Pasuo la kwanza likishatoa uso bapa, gogo hulazwa juu ya uso huo na halibiringiki tena. Kabla ya hapo, piga brashi gome lote: mchanga wa huko umejaa nyufani, nao huyafanya meno butu kwa muda mfupi. Kishikizo cha juu kiteremshwe kikaribie gogo, ili sehemu ya utepe iliyo wazi iwe ndogo. Vidole visiwe mbele ya meno. Mwisho wa gogo husukumwa kwa kijiti.

Kwa akina mama tunaongeza neno. Stara haizuii kazi hii, lakini shela inayoning'inia na mikono mipana ya buibui ni hatari mbele ya magurudumu. Mtandio ukunjwe na kuchomekwa ndani, mikono ifungwe kwa lastiki, bangili zivuliwe. Barakoa na miwani havina mbadala, maana unga wa mathenge huwasha pua na macho. Watoto wazuiwe mlangoni, na mashine isiachwe mpaka utepe usimame kabisa, kwani magurudumu huendelea kuzunguka baada ya swichi kuzimwa. Utepe ukikatika, rudi nyuma, zima, ngoja.

Umeme wa kambini kwa wengi hutoka katika jenereta za wafanyabiashara. Mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko inapoendelea, kwa hiyo mwenye jenereta aulizwe kwanza. Na jirani ana haki yake: kelele ikome adhana inapoadhiniwa na watoto wanapolala.

Bei si ndogo kwa mtu mmoja. Upatu wa wanawake, ambao Wasomali huuita ayuuto au hagbad, hauna riba, na kwa maoni yetu ndiyo njia iliyo salama kuliko mkopo wowote. Magogo nayo yapatikane kwa ridhaa ya wenyeji na chifu, kwani ugomvi wa miti kati ya kambi na wenyeji si wa jana.

Cha kuunda ni kingi: miko, miguu ya viti, marufaa ya kuwekea msahafu. Kutoka gogo nene huenda ikapatikana loox, ule ubao wa chuo ambao mtoto huandika aya kwa wino wa makaa, akishahifadhi akauosha. Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, basi kazi hii haina aibu kwa mwanamume wala mwanamke.

Mbao zilizopasuliwa zipangwe kivulini, vijiti vikiwekwa kati yake hewa ipite, na ncha zipakwe rangi zisipasuke. Sehemu nyeupe ya nje iondolewe mapema, kwani wadudu watoboao mbao huanzia hapo. Na kila jioni ulegeze utepe wa msumeno kabla ya kufunga banda.