Habari zinazoeleweka ndizo msingi wa imani ya wananchi kwa machimbo

MKAZI wa Nyali anayeelekea Mtwapa hupita karibu na matimbo ya mawe ya matumbawe huko Bamburi, ambako saruji imetengenezwa tangu mwaka wa 1954. Upande wa kusini wa kisiwa, katika gati la Likoni, shehena ya kwanza ya madini kutoka Kwale ilisafirishwa Februari 2014. Mkazi wa sehemu hizo mbili ana haki ya kujua kinachochimbwa, kinacholipwa na jinsi ardhi itakavyoachwa. Hata hivyo, haki hiyo haimfai kitu iwapo majibu yamefungiwa ndani ya nyaraka asizoweza kuzisoma.

Bamburi inaonyesha thamani ya jambo linaloonekana. Mwaka wa 1971, mtaalamu Rene Haller alianza kupanda miti katika timbo lililokuwa jangwa la mawe. Mivinje ilistahimili joto na maji ya chumvi, na jongoo wakasaidia kuyageuza majani makavu kuwa udongo. Leo, mtu yeyote anaweza kuingia katika bustani ya Haller Park akajionea kwamba timbo lililochakaa laweza kuwa msitu.

Lakini mengi katika uchimbaji hayaonekani kwa macho. Kiasi cha vumbi hewani, hali ya maji ya visima na mrabaha unaolipwa serikalini hujulikana kwa takwimu tu. Takwimu zikikosekana, uvumi hujaza pengo. Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza.

Kaunti jirani ya Kwale ni mfano. Kampuni ya Tiomin ya Canada ilipoleta mpango wa kuchimba titani miaka ya 1990, wakazi waliupinga wakihofia kuhamishwa, fidia duni na madhara ya kiafya. Mwaka wa 2010 mradi huo ulichukuliwa na Base ya Australia, na uzalishaji ukaanza mwaka wa 2013. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024, na maswali kuhusu ardhi na mrabaha yakabaki midomoni mwa wakazi.

Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Kwa miaka mingi baada ya sheria hiyo kupitishwa, wakazi wa Kwale walilalamika kwamba mgao wao haujawafikia. Bila hesabu kutangazwa hadharani, mwananchi hawezi kujua iwapo haki yake ni maelfu ya shilingi au mamilioni. Kanuni za mwaka wa 2017 nazo zinamtaka mchimbaji mkubwa kutia saini mkataba wa maendeleo na jamii na kutenga angalau asilimia 1 ya mapato yake ghafi.

Mwananchi anayetaka majibu ana njia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, bila malipo isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Asiyejua kuandika lazima asaidiwe na afisa husika. Jibu linapaswa kutolewa katika siku 21, au saa 48 iwapo uhai wa mtu umo hatarini. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Ombudsman. Sheria hiyo inazigusa pia kampuni za kibinafsi zenye mikataba ya kipekee ya kuchimba maliasili.

Sheria hiyo hiyo inazitaka taasisi za umma zizingatie lugha ya wenyeji zinapotoa habari. Ripoti ya mazingira yenye mamia ya kurasa za Kiingereza cha wahandisi, ikiwekwa rafuni, haimfikii mvuvi wa Likoni wala mkulima wa Msambweni. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili ukibandikwa kwa chifu, ukasomwa barazani na kutangazwa redioni kwa Kidigo, humfikia.

Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka wa 2003 zilihitaji angalau mikutano 3 ya hadhara na jamii zitakazoathirika. Mikutano hiyo huwa na maana pale tu wananchi wanapopewa habari mapema, wakaenda wakiwa na maswali. Kampuni inayosubiri hadi wakazi wafunge barabara ndipo ieleze mipango yake huwa imechelewa, kwani wakati huo hata ukweli wake hushukiwa.